"Si kuna shangazi yake Kimara?" Malazi ya mwanafunzi hayana bure

Mtoto akipangiwa chuo Dar es Salaam, kitu cha kwanza ukoo hujadili ni ada. Ada haina ubishi, maana ina karatasi yake na namba yake ya malipo. Cha pili ni mahali pa kulala, na hapo hakuna karatasi. Kuna sentensi moja tu, na katika ukoo wetu imekuwa ileile kwa miaka: "Si kuna shangazi yake Kimara?"

Shangazi wa Kimara ni mimi. Tangu niolewe na kuhamia mji huu nimepokea watoto watatu wa ndugu zangu kutoka Mbinga, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sanduku lake, kiroba cha mahindi na barua ya kujiunga na chuo. Sijamkataa hata mmoja na sijutii. Lakini huyu wa tatu, binti wa kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenikalisha chini na daftari na kalamu, na hesabu tuliyoipata ningependa wazazi wenzangu waione kabla ya chuo kufunguliwa.

Binti huyu alikuja Novemba kuanza mwaka wa kwanza pale Mlimani. Vitanda vya mabweni ni vichache kuliko wanafunzi, ingawa vimeongezeka. Aprili 2017 yalifunguliwa majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, yale ambayo kila mtu sasa anayaita Hosteli za Magufuli, na bado kila mwaka wapo maelfu wanaotafuta pa kulala Changanyikeni, Msewe, Sinza, Mabibo na kwingineko. Kwetu hilo halikumnyima mtu usingizi, kwa sababu shangazi yupo.

Kutoka kwangu hadi chuoni ni magari mawili: moja mpaka Ubungo, jingine mpaka Mlimani. Mwanafunzi wa chuo hulipa nauli ya mtu mzima, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 600 kila gari. Kwenda na kurudi ni 2,400. Kwa siku tano ni 12,000. Muhula una wiki kama 17, hivyo nauli peke yake ni shilingi 204,000 kwa muhula, na hapo sijahesabu Jumamosi za kwenda kufanya kazi za vikundi.

Ongeza muda. Siku za foleni alitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kipindi kikianza saa moja asubuhi, ilimbidi aamke saa kumi alfajiri na saa kumi na moja awe kituoni. Jioni wenzake walipokaa kwenye vimbweta kujadili maswali, yeye alikuwa anaangalia saa asije akachelewa gari. Alifika nyumbani saa mbili usiku, akala, akaosha vyombo bila kuambiwa, maana amelelewa vizuri, halafu akafungua daftari akalalia palepale mezani. Saa nne kwa siku ni saa 20 kwa wiki. Kuna vibarua mjini hapa vyenye saa chache kuliko hizo.

Na kwa upande wetu, mimi na baba watoto, mtu mmoja zaidi nyumbani ni maji zaidi, unga zaidi, Luku inayoisha siku nne kabla ya kawaida. Silalamiki. Mtoto wa kaka ni mtoto wangu. Nasema tu kwamba vitu hivyo vina bei, na wanaokaa mbali na jiko langu hawaioni bei hiyo.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, alikuwa na sapu moja. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, kuna mwenzangu darasani amepanga Changanyikeni. Aliyekuwa anakaa naye ameondoka. Naomba nihamie pale." Chumba kilikuwa cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000, na nusu yake ni 240,000. Dalali hakuwepo katikati kwa kuwa chumba kilikwisha kupangwa.

Nilimwambia tutazungumza na baba yake kwanza. Kabla sijapiga simu, kaka alinipigia yeye. Habari ilikuwa imekwisha kufika Mbinga, na ilikuwa imefika ikiwa na mguu wa tatu. "Dada, nasikia umemfukuza mtoto?" Nyuma yake nilimsikia mama yetu akisema kwamba mji umenibadilisha.

Wanaoishi mijini wanaijua simu ya namna hiyo. Ukisema mtoto ahame, umemchoka. Ukinyamaza, mtoto anafeli akiwa mikononi mwako, na simu itakuja vilevile. Nilimwomba kaka achukue kalamu.

Nikamsomea. Kodi ya muhula mzima, 240,000. Nauli ya muhula mzima akiendelea kukaa kwangu, 204,000. Toa. Zinabaki shilingi 36,000. Kaka akarudia kuhesabu kwake. Akapata 36,000. Kwa wiki 17 hiyo ni kama shilingi 2,100 kwa wiki. Hicho ndicho tulichokuwa tunakiokoa kwa kumwamsha mtoto saa kumi alfajiri.

Kaka alikaa kimya kwa muda, halafu akasema jambo ambalo mimi sikulijua. Alikuwa amekubaliana na binti yake kwamba kwa kuwa anakaa bure, kila bumu likitoka atume nyumbani shilingi 150,000. Mdogo wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni. Ada imefutwa, ndiyo, lakini godoro, sanduku, sare, ndoo na nauli ya kumfikisha shule havijafutwa. Malipo ya kahawa yalikuwa bado hayajaingia. Kaka hakuwa na pengine pa kushika.

Kwa wasiojua, bumu ni ile fedha ya chakula na malazi ambayo mwanafunzi hukopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Kwa siku 60 ni 600,000. Kijijini ukitaja laki sita kwa mkupuo unasikika kama umeajiriwa. Lakini gawanya kwa siku, kisha toa. Huyu binti alikuwa anatoa 150,000 ya nyumbani na nauli ya zaidi ya laki moja kwa miezi hiyo miwili. Chakula cha mchana na chai chuoni, madaftari, kuchapa kazi, vocha na sabuni vilitoka kwenye kilichobaki. Akihamia chumbani, kodi ingechukua 240,000 kutoka kwenye bumu moja, na 150,000 ya nyumbani isingewezekana kabisa. Kumbe ubishi wa kuhama kwa shangazi ulikuwa ubishi wa godoro la mdogo wake.

Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika. Tuliwaita wengine wawili kwenye simu, kaka yetu wa Songea na mama. Tukagawana. Kaka wa Songea alichukua sanduku na godoro la mdogo. Kiwango cha kutuma nyumbani kikashuka kutoka 150,000 mpaka 50,000, na kwa bumu lile la kodi kikawa sifuri. Mimi nikasema kile ambacho mtoto alikuwa anakula kwangu kitamfuata: kila mwezi unga, mchele, maharage na mafuta ya kupikia, aje achukue Jumapili, tuonane pia. Godoro alilokuwa analalia aliondoka nalo. Mama aliuliza swali moja tu: "Huko kuna geti?" Tukamwambia lipo. Akasema sawa.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu naona familia nyingi zinaruka hatua hii. Zinalinganisha kodi na sifuri. Hakuna sifuri. Kukaa kwa ndugu kuna nauli na muda. Kupanga kuna mambo yake, na nitayataja maana nimeyaona.

La kwanza ni mkupuo. Mwanafunzi anayeanza upya bila mtu wa kumwachia chumba hulipa miezi sita, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa chumba hichohicho cha 80,000 hiyo ni 560,000, na mkiwa wawili ni 280,000 kila mmoja. Weka godoro, ndoo, pazia, jiko la gesi na sufuria, hata ukibana sana, kama 150,000. Jumla 430,000 katika wiki ya kwanza. Ikiwa mtoto anategemea bumu la 600,000, anabaki na 170,000 za kumfikisha siku 60, yaani chini ya shilingi 3,000 kwa siku. Na hapo tunadhani bumu limewahi. Mikopo hupangwa kwa awamu, na wengine majina yao huonekana wakati wenzao wameshaanza vipindi. Mwenye nyumba haelewi awamu.

La pili ni miezi ya likizo. Chuo kikifungwa miezi mitatu, kodi haifungwi. Wanaolipa miezi sita mara mbili kwa mwaka wanalipia chumba kitupu robo ya mwaka. Kwa wawili kwenye chumba cha 80,000, hiyo ni 120,000 kila mmoja kwa kulinda ndoo na godoro. Wengine huhamishia vitu kwa ndugu na kuanza upya Novemba, lakini dalali naye huanza upya.

La tatu ni maandishi. Sheria ya zamani iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, hivyo bei na masharti ni maelewano yenu. Maelewano ya mdomo hupotea. Mtoto asilipe kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe, apewe mkataba na risiti, na aulize mapema: Luku ni yake au mnachangia? Maji yanatoka bombani au ni ya dumu? Geti linafungwa saa ngapi, na anayesoma maktaba mpaka usiku atafunguliwa na nani? Halafu aende serikali ya mtaa ajitambulishe. Madalali wengine hudai hela ya kuonyeshwa chumba tu, na mtoto wa mkoani anaweza kumaliza 30,000 kwa kuonyeshwa vyumba ambavyo haviko wazi.

Mwaka wa pili binti yetu alipata kitanda cha bweni. Kwa bei, hakuna kinachokishinda. Malipo ya muhula mzima hayafiki kodi ya miezi miwili ya kile chumba cha Changanyikeni, na ndani yake kuna maji, umeme, na kutembea kwa miguu hadi darasani. Analipia muda wa masomo, halipii likizo. Kama mtoto wako ana nafasi ya kuomba bweni, aombe siku ya kwanza maombi yanapofunguliwa na alipie mara tu anapopangiwa. Upungufu wake uko kwenye chakula, maana kupika chumbani hakuruhusiwi, na kula mgahawani kila siku kunapunguza ile nafuu. Hata hivyo hesabu bado ni nzuri.

Lakini bweni lilinionyesha kitu kingine, kinachoitwa kubebana. Aliyekosa kitanda hulala na aliyepata, wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, muhula mzima. Kwa taratibu za mabweni ni kosa, na wakikamatwa hata mwenye kitanda anaweza kukikosa. Binti yetu aliombwa ambebe mwenzake, msichana kutoka mkoa mwingine. Wazazi wa yule msichana walijua mtoto wao amepanga chumba, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowaambia. Fedha ya kodi waliyomtumia ilikuwa imeishia kwenye ada iliyopungua. Alikuwa anahama kitanda baada ya kitanda, nguo zake ziko kwenye mifuko miwili kwa watu wawili tofauti.

Niliongea naye siku moja alipokuja kwangu na binti yetu. Nikamuuliza kwa nini hajawaambia nyumbani. Akasema, "Mama, nikiwaambia watauza ng'ombe, na ng'ombe amebaki mmoja." Sikuwa na jibu la haraka.

Wazazi tunapenda kuamini kwamba mtoto akikosa pa kulala atasema. Wengi hawasemi. Wanajua nyumbani pameshaisha, kwa hiyo wanatafuta hesabu yao wenyewe. Wengine wanabebwa, wengine wanaruka mlo. Na wapo wasichana wanaohamia kwa mwanamume mwenye chumba, na baadaye tunakaa vikao vya kulaumu maadili, wakati mlango wa kwanza wa jambo lile ulikuwa kodi ya miezi sita. Sisemi kila mmoja, wala sisemi maadili si kitu. Nasema mtoto mwenye pa kulala pa uhakika ana sababu moja pungufu ya kukubali asichokitaka.

Tuna mzee katika ukoo aliyesoma Mlimani miaka ya 1970. Kila kikao hutukumbusha kwamba wao walipewa kitanda, walilishwa, na bado fedha ya mfukoni ilibaki. "Hawa wa leo wanapewa laki sita wanalalamika nini?" Mzee hasemi uongo. Chuo kile kilianza mwaka 1961 pale mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kikiwa na wanafunzi wachache na serikali ikibeba mzigo wote. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mzee alipewa. Mjukuu wake anakopeshwa. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika kwenye vikao vyetu.

Maana mkopo huo utarudi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Shilingi 150,000 iliyotumwa Mbinga kununua godoro la mdogo wake ni deni la dada, kama ilivyo kodi, kama ilivyo nauli ya kutoka Kimara. Simkatazi mtoto kusaidia nyumbani, na hata mimi nimesaidiwa na dada zangu. Ila tukimwomba, tujue tunachomwomba, na tusimwite mtovu wa shukrani siku atakaposema hana.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Kitanda hakupata tena, amepanga na mwenzake karibu na chuo, na safari hii kodi ilipangwa tangu Agosti, kahawa ilipouzwa. Ile sapu aliifuta. Jumapili anakuja kuchukua unga, anakaa mpaka jioni, anawafundisha wanangu hesabu. Mama yetu hasemi tena kwamba nilimfukuza.

Kwako mwenye mtoto anayesubiri majina ya vyuo, naomba msikutane kumpongeza tu. Kaeni na karatasi kabla hajapanda basi. Andikeni bweni, kupanga, na kwa ndugu, kila moja na nauli yake, chakula chake, fedha ya wiki ya kwanza na miezi ya likizo. Andikeni nani analipa kipi na lini. Kama ni kwa ndugu, mpigieni huyo ndugu kabla ya kumpangia, na mumuulize kituo kiko umbali gani. Kama mnategemea bumu litume kitu nyumbani, semeni mbele ya wote, mtoto akiwepo, ili asiibebe siri hiyo peke yake mjini. Na mwambieni waziwazi kwamba akikosa pa kulala, aseme siku hiyohiyo, hata kama ng'ombe amebaki mmoja.